Ng'ombe Wetu Amezaa

Asubuhi katika milima ya Upare ukungu huchelewa kuondoka. Unaweza kupanda kutoka Same mjini, ambako upepo na vumbi havimpi mtu nafasi, ukafika juu saa moja na nusu ukakuta watoto wanatokea mmoja mmoja ndani ya wingu, masweta yamefungwa hadi shingoni, kila mmoja ameshika kikombe chake cha plastiki cha uji. Ndivyo nilivyowakuta siku niliyokwenda kukaa katika darasa la awali la shule moja ya kijiji, Pare Kusini. Shule yenyewe sitaitaja. Niliyoyaona pale ningeweza kuyaona Hedaru au Makanya, na nimeyaona Dar es Salaam pia, kwenye shule zenye geti na basi la njano.

Mwalimu alikuwa mlangoni anapokea salamu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, pita." "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Sweta umeligeuza, njoo nikuvalishe." Alikuwa mama mpole, khanga begani juu ya gauni, na kila mtoto aliyepita alimgusa kichwani. Katikati ya mstari akaja mvulana wa kama miaka mitano, viatu vimejaa tope, anahema. Salamu aliisahau kabisa.

"Mwalimu, ng'ombe wetu amezaa!"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Haya, kakae mkekani."

Akaenda kukaa.

Kipindi kilikuwa cha irabu. Mwalimu akagusa ubao kwa kijiti, darasa zima likaitika: a! Akagusa tena: e! Watoto sabini na kitu kwa sauti moja, mpaka mabati yakavuma. Wakaimba, wakasimama, wakaketi, wakampigia makofi mwenzao aliyetoka kwenda ubaoni. "Tumeelewa?" "Ndiyooo mwalimu!" Lilikuwa darasa changamfu, na mwalimu hakukaa hata dakika moja. Mimi nilikuwa nyuma kwenye kiti kidogo, macho yangu kwa yule mvulana. Aliitika na wenzake kila walipoitika. Mara mbili alimgeukia jirani yake akamnong'oneza jambo, na mara mbili akaambiwa atazame mbele.

Uji ulipoiva saa nne nilimfuata barazani nikaketi karibu naye. Nikamuuliza ng'ombe wao amezaa nini. Akanitazama kwanza, kama anayepima iwapo ninataka kweli kujua. Kisha akaweka kikombe chini, maana alihitaji mikono yote miwili.

"Dume. Alizaa usiku. Baba aliamka, mama akashika tochi ya simu. Mimi nilikuwa nimelala, nikasikia ng'ombe analia, nikaamka. Miguu ndiyo ilitoka kwanza. Baba akaivuta. Akavutaaa. Halafu akatoka, pu! Alikuwa amelowa. Mama yake akamlamba, akamlamba, mpaka ndani ya masikio."

"Sasa anasimama?"

"Anasimama halafu anaanguka. Miguu yake haijazoea."

Sentensi hiyo ya mwisho nimetembea nayo tangu siku ile. Mtoto hakufundishwa na mtu kusema hivyo. Aliona ndama anayumba, akatafuta sababu, akaipata, akaisema kwa maneno matatu. Katika simulizi lake lote kuna kilichotangulia na kilichofuata, kuna nani alifanya nini, kuna sauti, kuna kipimo, mpaka ndani ya masikio. Mambo hayo ndiyo mwalimu wa darasa la tatu atakayomdai miaka michache baadaye, atakapomwambia soma habari hii ujibu maswali. Alikuja nayo mlangoni saa moja na nusu asubuhi, na kwa saa mbili na zaidi yalikaa mkekani bila wa kuyapokea.

Baadaye, watoto walipoondoka, mwalimu aliligusa jambo hilo mwenyewe kabla sijamuuliza. "Nilimsikia, dada. Nilimsikia kabisa. Lakini nikianza na ng'ombe wa huyu, yule ana mbuzi, yule bibi yake anaumwa, irabu nitafundisha saa ngapi?"

Swali lake ni la haki, na ninaandika nikiwa nalo mkononi. Anayelijibu kwa haraka hajawahi kusimama mbele ya watoto sabini.

Sisi wa zamani tulikwenda shule ya vidudu, ile iliyokuwa kanisani au msikitini au chini ya mwembe, na wengi hawakwenda kabisa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ada zilipofutwa, milango ikafurika. Mwaka 2015 watoto waliokuwa katika madarasa ya awali nchini walizidi kidogo milioni 1. Mwaka 2016 wakavuka milioni 1.5. Mtaala wa 2016 ulitaka mwalimu mmoja awe na watoto 25. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto, na hesabu hiyo ya 25 ikabaki vitabuni wakati mikeka inajaa.

Nasema haya ili mtu asidhani kwamba namlaumu mama yule. Kuitikia kwa pamoja ndiyo njia ya mtu aliyezidiwa na idadi. Kunalinda utulivu na kunawapa watoto waoga kificho cha kujaribu sauti zao, na wimbo mzuri unafundisha mengi. Ila kuna jambo ambalo kuitikia hakuwezi kufanya. Anayeitika hachagui neno. Neno amepewa, naye analirudisha. Anayesimulia analazimika kutafuta: nianze wapi, nitumie neno gani, huyu ninayemwambia anajua nini na hajui nini. Mtoto yule alijua kwamba sikuwapo bandani usiku ule, ndiyo maana aliniambia habari ya tochi.

Mtaala huo wa 2016 wenyewe ulilijua hilo. Umahiri mkuu wa pili uliotajwa humo, baada ya kuhusiana, ulikuwa kuwasiliana. Uliagiza pia kona za kujifunzia, kona ya nyumbani, kona ya duka, kona ya vitabu, ambazo hazina kazi nyingine ila kuwafanya watoto wacheze wakizungumza. Na walimu wetu wana msemo wao mzuri: darasa linaloongea. Kwa desturi wanamaanisha darasa lenye kuta zilizojaa chati, herufi za maboksi, picha za wanyama, vizibo vilivyotungwa kwenye uzi. Nimeingia katika madarasa mengi ya namna hiyo, na kazi ya mikono ya walimu, wanaokata maboksi usiku kwa taa ya sola, inastahili heshima. Ninachotamani ni kwamba msemo huo usiishie ukutani. Sungura aliyechorwa kwenye boksi anapata maana siku mtoto anapomwambia mwalimu kwamba sungura wa kwao alichimba shimo akatoroka.

Taarifa ya Uwezo, mradi wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, iliyotokana na upimaji wa mwaka 2010 iliwashtua wengi: ni kama mwanafunzi mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Taifa likageukia KKK, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa hatua ya maana. Lakini kusoma kuna nusu mbili. Ya kwanza ni kuitambua herufi na sauti yake. Ya pili ni kuelewa kinachosemwa, na mtoto hawezi kuelewa kwa macho neno ambalo hajawahi kulielewa kwa masikio. Mtoto anayesoma "kiangazi kilipozidi, ndiva ilikauka" akiwa amewahi kueleza kwa mdomo wake jinsi ndiva, bwawa la maji la kienyeji, inavyokauka, huyo anasoma. Mwingine anatamka tu.

Kuna uchunguzi mmoja wa Uingereza ambao kila nikiufikiria namkumbuka mtoto wa barazani. Barbara Tizard na Martin Hughes waliwafuatilia wasichana 30 wenye umri wa karibu miaka minne, wakarekodi mazungumzo yao asubuhi chekechea na mchana nyumbani na mama zao. Waliyachapisha matokeo mwaka 1984. Nyumbani watoto hao waliuliza wastani wa maswali 26 kwa saa. Chekechea, mawili. Watoto ni walewale, na walimu wao walikuwa wamesomea kazi hiyo. Nyumba za vibarua na nyumba za wasomi zote zilikuwa na mazungumzo mazito kuliko ya darasani, kwa sababu nyumbani mtoto na mama wana mambo yao ya pamoja ya kuongea: nani alikuja jana, kwa nini fundi hajarudi, paka amekwenda wapi. Na mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake huko Marekani walichunguza watoto wa miaka minne hadi sita, wakaona kwamba kilichohusiana na jinsi ubongo wa mtoto unavyoshughulikia lugha ni zamu za mazungumzo, mtoto aseme, mkubwa ajibu, mtoto aseme tena. Wingi wa maneno ambayo mkubwa alimmwagia mtoto haukuwa na uzito huo.

Nikiyasema haya Same, najua mzee mmoja kule nyuma atainua mkono. Atasema sisi si Waingereza. Mtoto wetu hazungumzi na mkubwa kama rika lake. Anaamkia, anatumwa, anakwenda, anarudi. Mzee huyo ana hoja, na watafiti walioishi karibu nasi wameiona. Sara Harkness na Charles Super walikaa miaka ya 1970 katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Waliona kwamba mtoto mwerevu kule ni yule anayeweza kutumwa: unamwagiza jambo, anakwenda kulifanya bila kusimamiwa, na anatambua mwenyewe kinachotakiwa. Maneno mengi mtoto aliyapata kwa watoto wenzake. Watoto wale wale waliochunga ng'ombe na kulea wadogo zao kwa akili kubwa, walipokalishwa mbele ya mkubwa mgeni anayewauliza maswali, walinyamaza. Anayewapima kwa kimya kile angewaita wajinga, na angekosea vibaya.

Upareni ni hivyohivyo. Mtoto wa miaka sita wa huku ametumwa dukani, ametumwa kwa shangazi mlima wa pili, anajua njia ya mkato na anajua mbwa wa nani ni mkali. Adabu yake si ya kuvunjwa. Lakini mzee wangu wa kule nyuma amesahau jambo moja, na nadhani alilifanya mwenyewe jana usiku.

Makande yakiwa bado motoni na giza limeingia, mtoto husema: "Kitendawili!" Mkubwa huitika: "Tega!" Mtoto anatega. Mkubwa anajaribu, anakosa, anajaribu tena, anakosa. "Nipe mji," mtoto anasema. "Haya, nimekupa Moshi." "Sitaki Moshi." "Nimekupa Tanga." Mtoto anafikiri, anaipokea Tanga, anasimulia alivyofika huko na kupokelewa na kula akashiba, ndipo anatoa jibu. Kwa dakika chache hizo, mtoto mwenye makamasi anamiliki Tanga nzima na babu yake amekaa kimya anasubiri kuelezwa. Hakuna aliyemkosea mwenzake heshima. Desturi yetu ilikwisha kutengeneza kiti cha mtoto katika mazungumzo ya wakubwa, na ikatengeneza hata maneno ya kukifungulia kikao. Mwalimu wa awali hahitaji kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Anaweza kuanza na kitendawili, ili mradi mara nyingi anayetega awe mtoto.

Na mlima huu umezoea kuulizana. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyekuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa nchi hii, aliijenga historia ya Upare iliyotoka kitabuni mwaka 1969 kwa kwenda kwa wazee, kuketi, kuuliza na kusikiliza masimulizi yao. Yeye ndiye pia aliyeandika habari za Mbiru, pale mwaka 1945 maelfu ya watu walipokusanyika Same kuhoji kodi waliyokadiriwa wasielewe imekadiriwaje. Mababu wa watoto hawa walishuka kwa miguu ili waulize "kwa nini". Sitaki kulivuta jambo hilo mbali. Nataka tu isemwe kwamba mtoto anayeuliza kwa nini hajaletwa na televisheni.

Liko suala la lugha, na hili huku milimani ni zito. Watoto wengi wanafika shuleni wakiwa wamekulia katika Chasu, Kipare kama wengine wanavyokiita. Tambarare wapo wanaotoka kwenye maboma ya Wamasai. Mwalimu naye huenda kapangiwa kutoka mkoa mwingine, Kiswahili ndicho pekee walicho nacho wote wawili, na mtoto anacho nusu tu. Mtoto wa hali hiyo akinyamaza, tusiandike kwamba ni mzito. Ana maneno tele, ila yamebaki nyumbani. Mwalimu mmoja wa tambarare aliniambia yeye huwaomba watoto wamfundishe: hiki kwenu mnakiitaje? Watoto wanaangua kicheko akikosea kutamka, kisha yeye anawapa neno la Kiswahili, na kuanzia hapo wamefundishana.

Kosa la mtoto nalo lina namna ya kulipokea. Siku ile niliyokuwa darasani, msichana mmoja alionyesha dirishani akasema, "Mwalimu, kitoto ya mbuzi imelala." Mwalimu angeweza kusema, si hivyo, sema hivi, na mtoto angerudia na mazungumzo yangeishia hapo. Alisema: "Ee, kitoto cha mbuzi kimelala! Kimelala wapi?" "Kimelala kwenye jua." "Kwa nini kimechagua jua?" "Kinasikia baridi." Hesabuni wenyewe ki- zilizopita hapo. Ngeli ilifundishwa bila mtu kuitaja, na mtoto hakuona haya hata kidogo. Mwalimu huyuhuyu aliyesema hana nafasi ya ng'ombe alikuwa anaifanya kazi hiyo kwa ustadi, bila kujua kwamba nayo inaitwa kufundisha.

Kuna swali linalofunga mlango na kuna linaloufungua. "Hii ni rangi gani?" Mtoto akisema nyekundu, tumemaliza. "Je, ndama wako ni mzuri?" Ndiyo, tumemaliza. Lakini Kiswahili kimetupa "ilikuwaje", kimetupa "unadhani", kimetupa ile -nge- ya ajabu: ingekuwaje kama mvua isingenyesha? Mtoto wa Makanya au wa Mwembe ataliweza swali hilo kuliko wewe na mimi. Ameona maji yakikusanywa usiku katika ndiva, bwawa lile la kienyeji ambalo Wapare wamemwagilia kwalo tangu zamani, na asubuhi yakafunguliwa yakaenda kwa zamu. Mwulize ni nani huanza. Mwulize inakuwaje mtu akichukua maji ya mwenzake. Utapata hesabu ndani yake, utapata uraia, na huenda ukapata habari za ugomvi ambazo wazazi wasingependa zifike shuleni.

Baada ya kuuliza, kungoja. Mary Budd Rowe, katika utafiti aliouchapisha Marekani mwaka 1974, aliona walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha wanauliza tena au wanamgeukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na maswali ya watoto wenyewe yakaongezeka. Nilijaribu siku ile barazani. Sekunde tatu mbele ya mtoto aliyenyamaza ni ndefu mno. Ulimi unawasha. Unataka umsaidie, na msaada huo ndio unaomnyang'anya neno lililokuwa linakuja.

Sasa wale sabini. Pwani yetu ina mfano wa karibu. Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuanzisha shule za awali ndani ya jumuiya za Waislamu, zikiungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan. Ndiyo programu ya Madrasa iliyofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa kina mama wa mitaa hiyohiyo, zana zilikuwa vifuu, makuti na magunzi, na siku ya mtoto ilikwenda kwa mazungumzo: aseme anachotaka kufanya, akifanye, kisha aeleze alichofanya. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto hao, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliendelea kwa kasi kuliko watoto wa shule nyingine za awali walizolinganishwa nazo. Fedha haikuwa nyingi. Kilichobadilika ni nani anayesema.

Kwa darasa la mama yule wa Upare, hesabu yangu ni hii. Watoto 72, sita kwa siku, siku 12 za shule. Sita hao anakaa nao pembeni dakika kumi, wengine wakiwa kwenye kona au wakifinyanga udongo. Kila mtoto atakuwa amezungumza na mwalimu wake uso kwa uso mara moja kila wiki mbili na nusu. Ni kidogo, na ni zaidi sana ya walichonacho sasa. Zipo na dakika nyingine ambazo hakuna anayezihesabu kuwa kipindi: mlangoni asubuhi, kwenye mstari wa kunawa mikono, na ile nusu saa ya uji ambayo nimeona walimu wengi wakiitumia kusahihisha madaftari.

Madaftari. Hapa nitasema bila kuzunguka, maana nadhani hapa ndipo tulipokwama kuliko kwenye idadi. Mzazi anapomvua mtoto begi jioni anatafuta vema nyekundu. Mthibiti ubora anapofika anauliza andalio la somo na anafungua daftari. Mkuu wa shule anaogopa vyote viwili. Mazungumzo hayaachi alama kwenye karatasi, kwa hiyo mwalimu aliyezungumza na watoto asubuhi nzima anaonekana hakufanya kazi, na aliyewaandikisha a, a, a mistari ishirini anaonekana hodari. Same mjini nimemsikia mzazi akijisifu kwamba mwanawe wa miaka minne anaandika mpaka mia kwa Kiingereza. Nilipomuuliza mtoto siku yake imekuwaje, mama alimjibia. Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ndani yake mazungumzo na mtoto mdogo yametambuliwa kuwa sehemu ya malezi. Naomba wathibiti ubora wakija huku milimani wakae barazani saa ya uji, wamuulize mtoto jambo moja, wangoje. Hilo nalo waliandike kwenye ripoti.

Nililala kijijini, gari la kushuka lilikuwa limeondoka. Asubuhi ukungu ulikuwa uleule. Nilipoingia darasani nilikuta watoto wengi wakifinyanga udongo kwa makundi, kelele zikiwa za kawaida za watoto wenye kazi. Mwalimu alikuwa ameketi mkekani pembeni na watoto sita. Mbele yake alikuwa na upande wa boksi la sabuni, kalamu ya wino mzito mkononi. Hakuniambia kwamba ameamua jambo, wala mimi sikumuuliza. Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago aliyesifika duniani, alifundisha miaka mingi kwa namna hiyo, akiandika hadithi za watoto kama wanavyozitamka. Mwalimu wetu hakuwa amesikia jina hilo.

"Haya," alimwambia mvulana, "sema, mimi naandika."

"Ng'ombe wetu amezaa usiku."

Akaandika, polepole, herufi kubwa. Watoto sita walisogea mpaka vichwa vikagusana.

"Ikawaje?"

"Miguu ndiyo ilitoka kwanza. Baba akaivuta."

Akaandika. Msichana wa kitoto cha mbuzi akauliza ndama anaitwa nani. Mvulana akanyamaza. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Tulisikia udongo ukipigwapigwa kule nyuma.

"Bado," mvulana akasema mwishowe. "Baba amesema mpaka azoee kusimama."

Mwalimu akayasoma yote kwa sauti, kidole kikipita chini ya maneno. Mvulana alikifuata kidole kwa macho hadi mwisho, akakunja uso.

"Mwalimu, hujaandika kwamba alikuwa amelowa."

"Kweli. Niandike wapi?"

Akaonyesha nafasi iliyobaki chini. Mwalimu akaandika: alikuwa amelowa. Mvulana akainama mpaka pua ikakaribia boksi, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya neno la mwisho.

"Hii ni a," akasema. Kidole kikasogea taratibu, kikapita, kikasimama tena. "Na hii e." Kikasogea. "Na hii... o." Kikafika mwisho wa neno, naye akamtazama mwalimu wake. "Halafu a imerudi."